Tumbo Halisomi Lebo

Mwaka 1978, watu 15 walijitosa baharini katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya kile ambacho leo dunia inakiita Ironman, triathloni ya siku moja yenye kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia marathoni. Kila mshiriki alikuja na watu wake wa kumhudumia, gari lake na chakula chake. Watu wa John Dunbar waliishiwa maji njiani, wakampa walichobaki nacho, yaani bia. Dunbar alimaliza wa pili, zaidi ya nusu saa nyuma ya Gordon Haller aliyetumia saa 11 na dakika 46. Kati ya wale 15, waliofika mwisho ni 12.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami hucheka kama wengine. Lakini angalau kosa lake lilionekana kwa macho: maji yalikwisha. Mshiriki wa leo anapanda baiskeli akiwa na chupa tatu au nne, jeli, vile vipakiti vya sukari nzito ya kumeza, zimebandikwa kwenye fremu, vidonge vya chumvi viko mfukoni, na saa ya mkononi inamlilia kila dakika 15 ili ale. Bado, ukienda kusimama kwenye kilomita ya 25 ya mbio za miguu, utawakuta hao hao wameinama wameshika magoti, huyu anatapika, yule anauliza choo kiko wapi. Zamani waliishiwa. Siku hizi wengi wanafurikiwa.

Nalaumu gramu, au kwa usahihi zaidi, nalaumu namna tulivyozigeuza gramu kuwa shindano ndani ya shindano. Wakikutana wanatriathloni wawili siku hizi, kabla hawajajuliana hali wataulizana wanakula gramu ngapi za wanga kwa saa. Anayesema 60 anaonekana wa kizamani. Anayesema 90 anaonekana anajitahidi. Anayesema 120 anatazamwa kwa heshima, kana kwamba amekwisha kushinda. Hakuna anayemuuliza swali la pili, ambalo ndilo muhimu: anasukuma wati ngapi, yaani nguvu kiasi gani kwenye pedali?

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu inasema mengi kuliko matangazo. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza takriban asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati yake kuwa kazi kwenye pedali. Inayobaki hupotea kama joto. Kwa sababu hiyo, kila kilojuli moja inayosomwa na kipima nguvu inakaribia sana kilokalori moja iliyoungua mwilini. Mchukue mtu wa kawaida anayesukuma wastani wa wati 180 kwa saa 6. Ataunguza karibu kilokalori 3,900 kabla hajavaa viatu vya kukimbilia. Akiba ya wanga mwilini, ile glikojeni iliyoko kwenye misuli na ini, ni kama gramu 500 kwa mtu aliyekula vizuri, sawa na kilokalori 2,000 hivi, na sehemu yake aliiacha baharini katika kilomita 3.8 za kuogelea. Mbele yake bado kuna marathoni nzima. Ni wazi kwamba lazima ale.

Sasa mchukue mweledi anayepiga wati 290. Huyo anaunguza zaidi ya kilokalori 1,000 kila saa, na kwa kasi hiyo sehemu kubwa inatoka kwenye wanga. Hata tukisema ni asilimia 60 tu, anahitaji gramu 150 za wanga kwa saa. Anapokunywa gramu 120 bado yuko kwenye deni, kwa hiyo kwake namba hiyo ina maana kamili.

Kisha mtazame mshiriki mwepesi wa umbo, wa mwendo wa taratibu, anayesukuma wati 125 na atakayemaliza kilomita 180 kwa saa saba au zaidi. Anaunguza kilokalori 450 kwa saa. Gramu 120 za wanga ni kilokalori 480. Yaani hata kama mwili wake usingegusa tone la mafuta, jambo ambalo haliwezekani kwa mwendo huo, bado angekuwa anakula kuliko anavyotumia, juu ya baiskeli, katikati ya mashindano! Ameazima ratiba ya mtu anayeunguza mara mbili yake, halafu anashangaa tumbo linapogoma.

Si kwamba sayansi ya gramu ni ya uongo. Ni sayansi nzuri, na ni vizuri kuielewa kabla ya kuinunua ikiwa kwenye pakiti. Utumbo mwembamba unapokea glukosi kupitia mlango wake maalumu, na mlango huo hujaa kwenye takriban gramu 60 kwa saa. Ukiongeza glukosi zaidi ya hapo, inabaki tumboni ikisubiri foleni. Fruktosi inatumia mlango mwingine kabisa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti, Asker Jeukendrup akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, walionyesha kwamba ukichanganya sukari hizo mbili mwili unaweza kutumia wanga mwingi kuliko kwa glukosi peke yake. Hapo ndipo ilipozaliwa gramu 90 kwa saa, kwa uwiano wa sehemu mbili za glukosi kwa moja ya fruktosi. Baadaye uwiano ukasogezwa karibu na moja kwa 0.8, na gramu zikapanda hadi 120.

Kinachosahaulika ni kwamba milango hiyo ina mazingira yake. Unapoendesha kwa nguvu, damu inaitwa miguuni. Joto likiwa kali, damu nyingine inaitwa kwenye ngozi kwenda kupoza mwili. Utumbo unabaki na kinachosalia. Kwa hiyo mtu yule yule aliyemeza gramu 90 bila shida katika asubuhi ya baridi, akiwa na wati 170, anaweza kushindwa na gramu 60 mchana wa jua kali akiwa na wati 200. Lebo ya pakiti haijui kama kuna jua. Haijui pia kwamba kilomita 10 zilizopita ulipitwa na mtu wa rika lako, ukaamua kumfundisha adabu kwenye mlima.

Ndiyo maana nasisitiza, hata kama wauzaji wa jeli hawatapenda, kwamba uamuzi wa kwanza wa lishe kwenye ngwe ya baiskeli ni kasi. Kadiri unavyopunguza nguvu ndivyo mafuta ya mwili yanavyochukua sehemu kubwa ya mzigo, glikojeni inavyodumu, na damu inavyobaki tumboni kufanya kazi ya kupokea chakula. Anayezidisha wati 15 katika saa mbili za kwanza anajiumiza mara mbili: anatumia wanga zaidi, na anapunguza uwezo wa kupokea mwingine. Hakuna jeli ya kurekebisha hilo. Wahenga walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila hapa ukingo uko mbali, saa nne au tano mbele, na ndiyo sababu watu hawauoni.

Tuje kwenye maji, ambako mambo yana utata zaidi, na ambako wengi hujikwaa bila kujua.

Wanga na maji vinapita njia moja, na kila kimoja kinamtegemea mwenzake. Kinywaji cha michezo cha kawaida kina asilimia 6 hadi 8 za wanga, yaani gramu 60 hadi 80 katika lita moja. Kiwango hicho tumbo hukiachilia bila usumbufu mkubwa. Lakini ukitaka gramu 90 kwa saa kutoka kwenye kinywaji hicho peke yake, itabidi unywe zaidi ya lita moja kila saa, na wengi hawana haja ya maji yote hayo. Ndiyo maana waendeshaji hutengeneza chupa nzito: wanga wa saa tatu au nne katika chupa moja, unapigwa fundo dogo dogo, kisha unasindikizwa na maji matupu kutoka vituo vya njiani. Ni mbinu nzuri, na mimi mwenyewe ninaitumia. Ila neno la msingi hapo ni maji matupu. Fundo la chupa nzito bila maji ni sawa na kumimina uji mzito wa sukari tumboni. Mwili unalazimika kuvuta maji yake wenyewe kuyapeleka utumboni ili kuupunguza makali. Tumbo linajaa, linacheza, na mtu anahisi kiu huku akiwa ameshiba.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili. Mtu ana chupa nzito kwenye fremu. Anafika kituoni, mkono umenyooshwa, anapewa chupa, haangalii ni ya nini. Ni kinywaji cha michezo. Anakunywa nusu, anaongeza fundo la chupa nzito kwa sababu saa imelia, na jeli moja kwa sababu mlima unakuja. Kwa dakika kumi ameingiza sukari ya saa nzima na nusu. Ukimuuliza baadaye atasema jeli ile haimfai, atabadilisha kampuni. Mwakani atarudia yale yale kwa ladha nyingine.

Na maji yawe kiasi gani? Hapa kuna historia ya kugeuka geuka. Katika mwongozo wake wa mwaka 1996, chuo cha Marekani cha tiba ya michezo, kinachojulikana kama ACSM, kiliwahimiza wanamichezo kufidia jasho lote wanalopoteza, au wanywe kadiri wanavyoweza kuvumilia. Wakati huo daktari wa Afrika Kusini, Tim Noakes, alikuwa tayari ameandika mwaka 1985 kuhusu wanamichezo wa masafa marefu waliougua kwa kunywa maji kupita kiasi: sodiamu kwenye damu inashuka, ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Katika Ironman ya New Zealand mwaka 1997, watafiti walipowapima washiriki 330 waliomaliza, asilimia 18 walikuwa na sodiamu ya chini. Kwenye Boston Marathon ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na tatizo hilo. Mwaka 2007 ACSM ikarekebisha kauli yake: usipoteze zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, lakini pia usinywe kuliko unavyotoka jasho.

Tangu hapo kuna kambi mbili. Moja inasema kunywa ukihisi kiu, basi. Nyingine inasema kunywa kwa ratiba iliyotokana na vipimo vyako. Mimi sioni sababu ya kuapa kwa kambi yoyote. Kiu ni kiongozi mzuri kwa mtu anayekwenda taratibu na ana muda wa kujisikiliza, na huyo ndiye aliye katika hatari kubwa ya kunywa kupita kiasi, kwa sababu anakaa njiani muda mrefu, anapita vituo vingi, na jasho lake ni dogo. Lakini mtu anayepiga kasi juu ya baiskeli mara nyingi hasikii chochote. Upepo unamkausha ngozi, jasho halionekani, na anadhani hatoki jasho. Ukweli humjia akishuka na kuanza kukimbia, upepo ukikatika, na hapo amechelewa kwa lita mbili. Huyu anahitaji namba ya kumshtua.

Namba hiyo haiuzwi. Jipime uzito bila nguo kabla ya kuendesha saa mbili kwa kasi utakayotumia siku ya mashindano, katika hali ya hewa inayofanana nayo, kisha jipime tena ukirudi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, ukijumlisha ulichokunywa na kupunguza mkojo uliotoka, kisha gawa kwa mbili upate ya saa moja. Wapo wanaopoteza nusu lita kwa saa na wapo wanaopita lita mbili, na hao wawili wanaweza kuwa mtu na kaka yake. Usijipime ukiwa kwenye baiskeli ya ndani bila feni. Utapata namba ya kutisha isiyohusiana na barabara. Namba uliyoipata ichukulie kuwa dari. Kaa chini yake, na kiu ikuongoze ndani ya nafasi iliyobaki. Ukimaliza mazoezi marefu ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, hilo ni jambo la kukutia wasiwasi.

Chumvi nitaipita kwa haraka, kwa sababu imeandikiwa mengi kuliko inavyostahili. Jasho la watu linatofautiana sana: lita moja ya huyu ina miligramu 300 za sodiamu, ya yule inapita 1,500. Mwenye jasho la chumvi nyingi, anayerudi na michirizi myeupe kwenye nguo, akitoka jasho jingi kwa saa sita, ana sababu ya kuongeza sodiamu kwenye chupa zake. Inasaidia pia kumfanya atake kunywa. Lakini vidonge havimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Bado sodiamu yake itashuka. Na mkakamao wa misuli, ambao ndio humfanya mtu amwage vidonge mdomoni, hauonekani kufuata chumvi kama tulivyoaminishwa. Watafiti waliowapima washiriki wa Ironman nchini Afrika Kusini, waliokakamaa na wasiokakamaa, hawakukuta tofauti ya maana katika chumvi za damu. Uchovu wa msuli unaosukumwa zaidi ya ulivyozoea ndio mshukiwa mkubwa zaidi. Tunarudi kwenye kasi tena.

Kwa nini basi haya yote yafanyike kwenye baiskeli na si baadaye? Kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya siku ambayo tumbo limetulia. Baharini huli. Kwenye kukimbia, kila hatua inatikisa ulichomeza, na wengi hushindwa kupitisha hata nusu ya walichokuwa wanapitisha wakiwa wamekaa. Hata hivyo, dakika 20 za kwanza juu ya baiskeli si za kula. Moyo bado unadunda kwa sababu ya kuogelea na kukimbilia baiskeli, na pengine umemeza maji ya chumvi. Fundo chache za maji zinatosha. Baadaye anza, kidogo kidogo, kila dakika 10 au 15. Haba na haba ndiyo lugha ambayo utumbo unaielewa. Mtu anayesahau kwa dakika 45 halafu anafidia kwa mkupuo anaanza matatizo mapya. Chakula kigumu, kama unakipenda, kipe saa mbili za mwanzo. Nusu saa ya mwisho punguza uzito wa unachokunywa, ili usishuke na tumbo lililojaa.

Na siku ambayo tumbo limegoma? Wengi hufanya kinyume kabisa: wanaona wako nyuma ya ratiba, wanaongeza jeli. Foleni imeshajaa mlangoni, wanaleta watu wengine. Shusha nguvu kwa dakika 15 au 20, kunywa maji matupu kidogo, mwagia mwili maji kama kuna joto, subiri tumbo lijifungue. Utapoteza dakika mbili, labda tatu. Nazifahamu hizo dakika tatu. Nilikataa kuzitoa siku moja, nikazilipa kwa kutembea saa nzima.

Kuna upande wa pili wa kiburi hicho, ule wa kuruka vituo. Paula Newby-Fraser, aliyeshindana kwa bendera ya Zimbabwe na ambaye wakati huo alikuwa ameshashinda Ironman ya Hawaii mara 7, aliingia sehemu ya mwisho ya mashindano ya mwaka 1995 akiwa anaongoza, Karen Smyers akimfukuza kwa nyuma. Akavipita vituo bila kusimama ili kulinda sekunde zake. Mita mia chache kabla ya utepe aliyumba, akasimama, akaanguka. Smyers akapita akashinda. Newby-Fraser alikaa chini zaidi ya dakika 20 kabla ya kuinuka na kutembea hadi mwisho, akawa wa nne. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda kwa mara ya nane. Hilo lilitokea kwenye kukimbia, lakini mshiriki wa kawaida huanza tabia hiyo kwenye baiskeli, pale anapoona kituo, anaona msongamano wa chupa na mikono, na kuamua atachukua kwenye kinachofuata.

Utumbo nao unafundishika, na hili ni jambo la matumaini kwa mwenye hamu ya gramu nyingi. Anayefanya mazoezi yake marefu kwa wiki kadhaa akitumia kile kile atakachotumia siku ya mashindano, kwa kiasi kile kile, anaongeza uwezo wa mwili kupokea na kuunguza wanga huo. Anza na 50 au 60, panda polepole, angalia tumbo linasema nini ukiwa kwenye wati zako na jua lako. Tafuta mapema ni kinywaji gani kitatolewa njiani, ukakijaribu. Ziendeshe pia chupa zako kwenye barabara mbovu. Niliwahi kufunga chupa mbili nyuma ya tandiko kwa ufundi niliojivunia. Tuta la kwanza lilirusha moja, la pili likarusha nyingine, na mpango wangu wote wa saa nne ukabaki unabingirika kwenye lami.

Tangu wakati huo nimepata tabia ya kuzunguka eneo la kuegesha baiskeli wakati wenyewe wakiwa bado wanakimbia. Naangalia chupa. Nyingi zimerudi na nusu ya mchanganyiko mzito, ule wa gramu 120 uliopimwa jikoni usiku kwa mizani ndogo, umepata moto na kunata kwenye fremu. Jeli mbili tatu bado zimebandikwa, hazijaguswa. Huhitaji kwenda barabarani kumtafuta mwenye baiskeli hiyo. Kaa hapo hapo, atakuja kuichukua jioni, akitembea.